Unatazamwa Kuanzia Saa Moja na Nusu: Ushauri kwa Wanaoongoza Watu Kazini

Swali ni lilelile, ingawa wanaoliuliza hawafanani. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Nyakisasa, wilayani Ngara, analiuliza. Mganga mfawidhi wa zahanati analiuliza, meneja wa AMCOS, ushirika wa wakulima wa kahawa, naye, na mama mwenye gesti kando ya barabara ya malori yaendayo Rusumo. "Watu wangu wananiitikia vizuri, shikamoo hazikosekani, lakini nikigeuza kisogo kazi inalala. Mambo ya ofisini kwangu nayasikia sokoni. Nifanye nini waniamini?"

Wengi wanaouliza hutarajia niwashauri waitishe kikao kirefu, au watoe zawadi ya mfanyakazi bora Mei Mosi. Hayo hayana ubaya. Lakini mfanyakazi anakupima kwa vitu vidogo unavyovifanya kila siku bila hata kuvifikiria: saa unayofika, unavyosaini, unavyogawa posho, unavyomjibu aliyekuletea habari mbaya. Nimeandika kwa ajili ya sehemu ndogo za kazi, zile za watu watano, kumi au ishirini, ambako hakuna anayeweza kujificha, hasa kiongozi.

Anza na kitabu cha mahudhurio

Kiko mezani, kalamu imefungwa kwa uzi. Ikifika saa moja na nusu asubuhi, mkuu au makamu wake anapiga mstari mwekundu. Waliowahi wako juu ya mstari, waliochelewa wako chini. Kila mtumishi wa umma anakijua kitabu hiki.

Sasa angalia kinachotokea katika vituo vingi. Nafasi ya kwanza juu ya ukurasa imeachwa wazi. Saa tatu mkuu anafika, anaandika jina lake pale juu, "1:10", anasaini, anaingia ofisini. Hakuna anayesema neno. Siku hiyohiyo mwalimu aliyeripoti kazini mwaka huu, aliyefika saa mbili kasoro kumi na kusaini chini ya mstari kwa ukweli wake, anaandikiwa barua ya kujieleza.

Umewafundisha nini watu wako asubuhi hiyo? Kwamba kitabu ni cha kudanganyia, na mwenye kusema kweli ndiye anayeumia. Somo hilo haliishii kwenye kitabu kile. Wiki ijayo utalikuta kwenye andalio la somo lililonakiliwa la mwaka jana. Mwezi ujao utalikuta kwenye rejista ya wanafunzi, na kwa upande wa zahanati kwenye leja ya dawa, ambako idadi iliyoandikwa na idadi iliyo kwenye rafu hazisalimiani. Utakasirika na kuuliza nani kawafundisha tabia hii.

Fanya hivi:

- Saini saa uliyofika, hata kama iko chini ya mstari. Ukisaini chini mara moja mbele ya watu, utakuwa umefanya zaidi ya hotuba kumi za maadili.
- Kataza kuachiwa nafasi. Mtu akikuachia kwa kujipendekeza, chora mstari uifunge.
- Ukiwa na safari, andika ubaoni kabla ya kuondoka: uko wapi, unarudi lini, nani anakaimu.
- Barua ya kujieleza iwe kwa aliyerudia kosa baada ya kuonywa kwa mdomo. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani aliyechelewa siku moja anahitaji kuulizwa hali.

"Lakini mimi nina vikao," utasema. "Leo kata, kesho halmashauri, na kutoka hapa mpaka Ngara mjini siyo mchezo, hasa mvua zikiwa zimenyesha." Ni kweli, na watumishi wako wanalijua hilo kuliko unavyodhani. Kiongozi aliyeitwa kikaoni hachukiwi na mtu. Kinachowachosha watu ni kutojua. Mkuu haonekani siku mbili, mzazi anakuja na shida, hakuna mwenye ruhusa ya kuamua chochote, kisha mtu anapita akisema gari la mkuu ameliona limeegeshwa kwenye ujenzi wa nyumba yake. Ubao wenye mistari miwili ya maandishi ungeondoa yote hayo.

Fedha: waonyeshe kabla hawajauliza

Tangu Januari 2016, elimu msingi ilipoanza kutolewa bila ada, ruzuku inaingia shuleni kila mwezi. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 zahanati na vituo vya afya navyo vikaanza kupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao za benki. Ina maana mganga mfawidhi mwenye wahudumu wanne, aliyesomea kutibu na siyo uhasibu, sasa anashika hundi, nukuu za bei na stakabadhi. Wahudumu wale wanne wanajua fedha imeingia. Wasilolijua ni kiasi gani na imekwenda wapi, na pengo hilo hujazwa na maneno ya mtaani ndani ya siku moja.

Nimeona viongozi waaminifu kabisa, wasiogusa hata senti, wakiitwa wezi kwa sababu moja tu: walinyamaza. Mzabuni alileta saruji usiku, mkuu akaipokea peke yake, asubuhi mifuko ikaonekana michache kuliko watu walivyotarajia. Hesabu ilikuwa sahihi. Ila nani aliiona ikihesabiwa?

Kwa hiyo vifaa vikija, waite wajumbe wa kamati ya mapokezi wahesabu kwa mikono yao, kisha ndipo wasaini. Usiwapelekee karatasi nyumbani wasaini kwa imani. Fedha ikiingia, bandika kwenye ubao wa matangazo tarehe, kiasi, na kilichopangwa kununuliwa. Ikitumika, bandika kilichonunuliwa na salio. Karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono inatosha.

Halafu kuna posho na semina, ambako imani nyingi hufia. Barua ya halmashauri inafika ikitaka mtu mmoja kwenye mafunzo ya siku tatu. Mkuu anaikunja, anaiweka mfukoni, na Jumatatu watu wanasikia kuwa "fulani kasafiri". Mara ya tatu ni fulani yuleyule. Hata kama ndiye mwenye sifa, hakuna atakayeamini. Chora jedwali lenye majina yote ya watumishi, na kila mafunzo yanapokuja andika nani kaenda, tarehe gani. Libandike. Barua ikitaka mtu wa somo au idara maalumu, isome mbele ya wote kabla ya kutaja jina. Aliyekwenda akirudi, apewe nusu saa awaeleze wenzake alichojifunza, ili faida isibaki mfukoni mwake peke yake.

"Nikiweka kila kitu wazi wataanza kudai," wananiambia wengi. Watadai, ndiyo, hasa miezi ya mwanzo, kwa kuwa hawakuzoea. Utaulizwa kwa nini chaki imenunuliwa bei hii wakati Rulenge inauzwa ile. Jibu. Ukiwa huna jibu, hilo lilikuwa swali zuri. Baada ya muda maswali yanapungua, maana mtu haulizi anachokiona.

*Kwa wenye biashara.* Nyinyi mna kosa lenu: kukata mshahara kwa kila chupa iliyovunjika na kila shuka iliyopotea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuruhusu kukata kwa hasira. Hasara lazima iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Umpe maandishi yanayoonyesha chanzo, kiasi na jinsi ulivyokokotoa. Umpe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kumfukuza pia kunataka sababu halali na utaratibu wa haki, na asiporidhika ana siku 30 za kupeleka shauri CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ila usingoje kesi ndipo ujifunze. Binti wa mapokezi aliyekatwa mshahara kwa glasi iliyovunjwa na mteja hatakwambia siku pampu ya maji itakapoanza kutoa mlio wa ajabu. Atakaa kimya, akihofia kukatwa kwa hiyo pia.

Habari mbaya: dakika tano za kwanza

Ukitaka kujua kama unaaminiwa, usiwaulize watu wako. Pima muda. Jambo baya likitokea kituoni, linachukua muda gani kukufikia, na nani analileta? Likija saa ileile kutoka kwa yule aliyelifanya, unaaminiwa. Likija baada ya wiki kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji, huaminiwi, hata kama kila mtu anacheka ukitania.

Sisi wa pande hizi tuna sababu ya kulichukulia hili kwa uzito. Januari 20, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani Biharamulo, kwa majirani zetu hapa. Ulipotangazwa kumalizika Machi 13, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kuugua, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo na wanane wakidhaniwa kuwa nao, na wote walikuwa wamefariki. Miaka miwili kabla, Machi 2023, ulikuwa umeukumba upande wa Bukoba, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na magonjwa ya aina hii hayasubiri ngazi za utawala.

Basi fikiria muuguzi wa zamu, peke yake, saa nane za usiku. Ameletewa mgonjwa mwenye homa kali, anatapika, na kuna damu asiyoielewa. Anapaswa kukupigia. Lakini mara ya mwisho alipokupigia usiku, kwa mgonjwa aliyeonekana baadaye kuwa na malaria ya kawaida, ulimwambia, "Kwa hiyo wewe ulisomea nini?" Ataishika simu, ataitazama, ataiweka mezani. Saa tano zitapita mpaka kukuche. Sauti yako ya siku ile ndiyo iliyomfanya asubiri usiku huu.

Mtu akikuletea habari mbaya, katika dakika tano za kwanza:

1. Mshukuru kwa kusema. Neno moja linatosha: "Umefanya vizuri kuniambia."
2. Uliza hali ilivyo sasa. Nani yuko hatarini? Nini kinaendelea kuharibika?
3. Toa agizo moja au mawili yaliyo wazi, kisha nenda mwenyewe ukaone.
4. Suala la nani kakosea liache hadi mambo yatulie. Litakuwepo tu.

Na maneno haya yaache kabisa: "Nilijua tu." "Nani kakutuma?" "Wewe kila siku matatizo." "Hii isitoke nje." Hilo la mwisho ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linamfanya mtumishi mwema awe mshirika wa kuficha, na akishaficha mara moja kwa agizo lako, ataficha mara ya pili kwa hiari yake.

Hapa napingwa kwa hoja moja, nayo ina uzito: bila woga watu hawafanyi kazi. Wanamtaja Hayati John Magufuli, mwana wa Chato, iliyokuwa zamani sehemu ya Biharamulo. Novemba 2015, siku moja tu baada ya kuapishwa, alitembea kwa miguu kutoka Ikulu hadi Wizara ya Fedha na kukuta viti vitupu. Nchi nzima iliwahi kazini wiki ile. Silipuuzi hilo, uzembe ulikuwa umekithiri na wananchi walichoka. Lakini ziara ya kushtukiza humrudisha mtu kwenye kiti. Haimfanyi muuguzi akupigie simu saa nane za usiku kukwambia amekosea dozi. Unahitaji vyote viwili, na hicho cha pili hakipatikani kwa kushtukiza.

Karipio lina mahali pake

Siyo mstarini mbele ya wanafunzi. Siyo mbele ya wagonjwa kwenye benchi. Na siyo kwenye kundi la WhatsApp la watumishi saa tatu usiku, ambako maneno yako yanapigwa picha na kufika Bukoba kabla hujalala. Mwite mtu ofisini, mlango ukiwa umefungwa, taja tendo moja lililotokea na siku yake, msikilize, mkubaliane nini kibadilike. Usichanganye na ya mwaka jana, wala kabila lake, wala ndoa yake. Akiwa amekuzidi umri, mwanzie kwa heshima anayostahili, mzee wangu, mama, kisha sema ukweli wote bila kuupunguza.

Na usimtishie mtu uhamisho. Wengi waliopangiwa Ngara wakitoka Mbeya, Kilimanjaro au Dodoma walifika huku wakiwa na wasiwasi tayari.

Lugha ya wakati wa chai

Hili ni letu kabisa, na halizungumzwi. Kituo kina watumishi saba, watano wa hapahapa. Wakati wa chai mazungumzo yanateremka kwenye Kihangaza au Kishubi, watu wanacheka, na wale wawili wageni wanatazama vikombe vyao. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ila mgeni hawezi kujua kama anachekwa yeye au la, na akiona mkuu naye anacheka, anahitimisha kuwa kuna kikao ndani ya kikao.

Lugha zetu ni hazina, wala sisemi tuzifungie nje ya geti. Mgonjwa mzee asiyejua Kiswahili vizuri anatibiwa vyema kwa lugha yake. Lakini jambo lolote la kazi, hata dogo, liseme kwa Kiswahili mbele ya wote. Na utani ukija kwa lugha ya nyumbani, mgeukie mgeni umtafsirie ili acheke nanyi. Kama wewe ndiye mgeni, jifunze salamu za hapa mapema na zitumie hata ukikosea matamshi. Watu watakusahihisha kwa furaha.

Ahadi ni deni, hivyo liandikwe

Wakuu wengi hawana nia ya kudanganya. Mtu anakukuta koridoni, anauliza habari ya likizo yake, au malimbikizo, au mlango wa nyumba ya mwalimu uliooza, nawe ukiwa na haraka unasema, "Nitalishughulikia." Wewe unasahau kabla ya mchana. Yeye anahesabu siku.

Nunua daftari dogo. Kila unapotamka neno "nitashughulikia", andika: nani, nini, lini utamjibu. Ijumaa lipitie. Jambo likiwa nje ya uwezo wako, na mengi ya madaraja na malipo yako nje ya uwezo wa kituo, mwambie hivyo: "Barua yako nimeipeleka utumishi tarehe fulani, hawajajibu, nitauliza tena mwisho wa mwezi." Mtumishi anaweza kuishi na jibu la "bado". Asichoweza ni kuzungushwa.

"Nikijishusha hivyo, si watanipanda kichwani?"

Hofu hii ni ya zamani, na nchi yetu iliwahi kuijibu hadharani. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao ibara yake ya 15 ilikemea majivuno na dharau za viongozi dhidi ya wanaowaongoza. Wafanyakazi wa viwandani waliisoma wakaichukua kama ilivyoandikwa. Miaka miwili iliyofuata ikajaa migomo na mivutano, na katika mingi lalamiko halikuwa mshahara bali lugha chafu na ubabe wa mameneja. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifikia hatua ya kukitwaa kiwanda chenyewe. Hao hawakupandishwa kichwani na upole wa bosi. Walichoshwa na kudharauliwa.

Kujishusha si kulegea. Mtoro wa kudumu apewe onyo la maandishi, mwizi afikishwe panapohusika, na upendeleo kwa ndugu na marafiki usiwepo. Ukiwa unasaini saa yako ya kweli na fedha ziko ubaoni, unakuwa na nguvu ya kumchukulia mtu hatua bila wenzake kunong'ona kuwa umemwonea.

Ikiwa imani imeshavunjika

Usiitishe kikao cha kuomba watu "tufungue ukurasa mpya". Walishafunguliwa kurasa nyingi. Chagua jambo moja tu katika haya, lile linalowauma zaidi (kwa kawaida ni semina au fedha), ulirekebishe kimyakimya na ulishikilie miezi mitatu bila kuruka. La pili lianze hapo. Tarajia kutoaminiwa mwanzoni. Watu watasema unajisafisha kwa sababu mkaguzi anakuja. Waache waseme, wewe bandika karatasi yako.

Kuna mtego mmoja wa kuuepuka: kumtafuta mpasha habari. Kiongozi aliyepoteza imani ya watu hushawishika kuwa na "mtu wake" wa kumletea ya chumba cha walimu. Ndani ya wiki wote watamjua, kila kikombe cha chai kitanyweka kimya, na utakachosikia kitakuwa majungu aliyoyachagua yeye. Mtu huyo akija na habari za mwenzake, mwulize kama amezungumza naye kwanza. Akirudia, waite wote wawili.

Siku ya kukabidhi ofisi

Wengi wenu mtahamishwa, maana ndiyo kazi. Kwenye makabidhiano huwa tunaorodhesha madawati, magodoro, mizani, funguo na salio la benki. Ongeza ukurasa mmoja: ahadi zilizobaki kwa watumishi. Nani anadai nauli ya likizo, nani barua yake iko halmashauri tangu lini, zamu ya semina ijayo ni ya nani, nani anauguza na mmekubaliana awe anaondoka mapema siku zipi. Usome mbele ya watumishi na mkuu mpya akiwepo, kila aliyetajwa athibitishe, kisha msaini wote watatu: wewe, anayepokea, na mwakilishi wa watumishi.

Nakala moja ibaki kwenye jalada la kituo. Nyingine mpe mwakilishi huyo.